Kesi ya Baba Noela Kuvuka Mpaka

Jumatatu, 4 Mei 1953

Leo nimemshitaki mkwe wangu! Baraza la Mdandu. Kaenda Rodeshia kuchimba shaba, kamwacha binti yangu Ida na mtoto wao Noela. Kimya! Jirani Eufrasia kila asubuhi ananiuliza, kwa sauti ya kuimbia misa, kama mkwe wangu kafukiwa shimoni au kaoa. Basi nataka mahakama ya huko imrudishe, hata kwa kumburuta.

Karani Laurenti, mgeni wa pwani, akauliza jina la mshitakiwa. Nikamwuliza yeye alilelewa porini? Mama mkwe hamtaji mkwewe jina! Aibu gani hiyo! Ida akafungua mdomo amtaje. Nikamfinya. Nikasema andika Baba Noela, kila mtu anamwita hivyo. Kaandika, "Bwana Baba Noela". Samansi itapitia kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya pale Njombe, ivuke mpaka. Safi!

Jumamosi, 27 Juni

Majibu! Mahakama ya Ndola imempata Baba Noela. Kaapa mbele ya hakimu kwamba yeye ni mpishi, kafiwa na mke, bintiye kweli ni Noela, ila Ida hamjui. Hata hivyo, kama wazee wanamwita kwa heshima namna hiyo, anakuja.

Mzee Filemoni wa baraza kacheka mpaka kofia ikaanguka. Kinachochekesha ni nini? Mahakama ya Ndola haina macho!

Alhamisi, 16 Julai

Mpishi kafika! Suti, tai, kuku kwapani. Nikaenda barazani na mwiko kumtimua. Akavua kofia, akaniamkia, "Shikamoo, mama mkwe."

Lo! Mwili ukasahau! Nikajifunika kaniki usoni, nikakimbilia nyuma ya ghala. Mazoea mabaya haya ya kumkwepa mkwe! Filemoni akatangaza kwamba mama kamkimbia mtu, basi huyo ni mkwe, ushahidi gani tena? Hukumu Jumatatu. Eufrasia akapiga vigelegele, akaniita mama wa wakwe wawili. Na Ida, mjinga, anamchekea mpishi!

Jumapili, 19 Julai

Mkwe wangu mwenyewe karudi! Vumbi mpaka kwenye kope. Kule machimboni alimsikia mpishi akijisifu kwamba baraza la Mdandu linampa mke, anaitwa Ida. Hakuaga mtu. Kashukia Makambako, kaja mbio, kapiga magoti mlangoni mwa kanisa. Ida kamzaba kofi. Kisha kacheka. Kisha wakalia wote watatu, na mtoto. Mimi nilichungulia kwenye mianzi, nisionane naye uso kwa uso. Nikalia pia. Kidogo tu.

Mpishi kapelekwa kwa Eufrasia apumzike. Eufrasia mjane. Jioni kanikaribisha pilau ya mpishi, kajipaka mafuta mpaka anang'aa. Pilau tamu. Sikumwambia.

Jumatatu, 20 Julai

Kesi imefutwa. Laurenti kanisihi, kwa mikono miwili, siku nyingine nilete jina kamili. Jina kamili! Mkwe karudishwa na jina, au na mimi? Nilipanga yote!

Sasa wanawake wamejaa uani kwangu, hata waliotoka Kitandililo. Telesia anamtafuta Baba Lukas wake, kapotelea Johanesbagi. Nimemwambia atulie. Kesho tunawashitaki Baba Lukas wote wa Johanesbagi, na atakayewahi kufika, huyo huyo.