Bampa la Marehemu

Mji mzima ulimwita Shemeji, ingawa hakuwahi kuoa na dada hakuwa naye. Ni yeye aliyezoea kumwita kila mtu shemeji, kwa sababu, kwa maelezo yake mwenyewe, ni vigumu mtu kumpeleka shemeji yake polisi. Alikuwa na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni, na nyoka akishatoka, Shemeji angemkodishia lile pango.

Asubuhi moja alikuwa akikatiza uchochoro wa nyuma ya soko, akimkwepa mteja aliyemuuzia pasi isiyopata moto, ndipo upepo ulipoinua pembe ya turubai katika ua wa mjane mmoja. Chini yake palikuwa na gari la zamani, la enzi ambazo bampa lilikuwa bampa kweli: pana, zito, limechovywa madini ya kromu yang'aayo kama fedha kutoka pembe hadi pembe. Utepe wa chuma ulipita ubavuni, mwingine ukazunguka taa, mwingine ukapakana na vioo. Kutu ilikuwa ya juu juu tu. Shemeji alivua kofia kwa heshima zote, kama mtu anayepisha jeneza. Moyoni alikuwa ameshafungua kila kipande na kumpelekea mnunuzi.

"Hodi, mama! Shikamoo."

"Marahaba, baba. Kama umetumwa na mwenye nyumba, kamwambie mwezi haujaisha."

Kumbe mama alikuwa anafukuzwa. Mwenye nyumba yake alikuwa tajiri ambaye watu walimwita Birika, kwa jinsi mkono wake ulivyokuwa mgumu kunyooka. Alitaka kuibomoa nyumba ile ajenge ghala. Mjane alikuwa ameishi humo tangu siku ya harusi yake, na kitu pekee alichoweza kuuza ili apate pa kwenda ni hilo gari, lakini kila aliyekuja kuliona aliondoka akicheka.

Shemeji akatikisa kichwa kwa huzuni. Huzuni alikuwa nayo ya kutosha, ya kila saizi.

"Mama yangu, gari hili likisuguliwa, watu watashikana mashati. Wacha nivifungue hivi vyuma, nivipeleke karakana kwangu, nivirudishe vinang'aa mpaka ujione meno. Utanilipa gari likishang'aa."

"Karakana yako iko wapi?"

"Hapo mbele tu, mama. Ukivuka barabara."

"Basi ilete hapa, baba. Umeme upo, kivuli kipo. Na mimi nitakaa nawe usichoke."

Hivyo ndivyo Shemeji, ambaye mikono yake haikuwahi kushika kitu kizito kuliko noti, alivyojikuta amepiga magoti mbele ya bampa na drili ya kuazima yenye gurudumu la kitambaa. Alijipa moyo: siku moja ya kazi, mama aamini, kisha vyuma viage. Mjane akaweka kigoda pembeni, akawa anachambua mchele.

"Hapo bado, baba."

"Hapa, mama?"

"Pana doa. Marehemu hakupenda doa. Kaza mkono."

Akakaza. Doa likagoma. Akabadilisha kitambaa, akatia msasa, akakaza tena. Drili ikalia, jasho likamwingia machoni, na alipopangusa bampa akaona chini ya kidole chake duara la rangi ya njano yenye wekundu.

Shemeji aliwahi kuuza nyaya za watu, kwa hiyo shaba aliijua. Chuma cha kromu kina matabaka, na la chini kabisa ndilo shaba. Anayesugua mpaka huko ameshaua bampa. Akalifunika duara kwa kitambaa haraka, lakini mama alikuwa ameshainama.

"Ee! Ndani kuna rangi hiyo?" Akatazama kwa mshangao wa mtoto mchanga. "Marehemu naye alikuwa msiri. Alikuwa ananiambia, mke wangu, gari hili usimuuzie mtu asiye na pesa."

Akarudi kwenye mchele wake. Shemeji alibaki na mdomo wazi, na wazo likamwingia humo humo.

Jioni ile alikuwa ofisini kwa Birika, anaongea kwa sauti ya chini.

"Dhahabu, tajiri. Yule marehemu aliyeyusha mali yake yote akaifanya bampa, akaipaka kromu juu, nani angejua? Na mama hajui kitu! Kesho kutwa mimi nalinunua kwake kwa bei ya chuma chakavu, halafu nakuuzia wewe, shemeji yangu, kwa bei ya kindugu."

"Nataka kuona," alisema Birika.

Kesho yake Birika aliingia uani kwa kunyata, wakati mama ameingia ndani kuchemsha chai. Akachutama. Akalikuna duara kwa ukucha. Akatazama huku na huku, akaliramba.

"Mbona chumvi chumvi?"

"Dhahabu ya zamani, tajiri. Inakuwa na chumvi."

"Padogo sana hapa. Nitajuaje kwamba ni bampa zima?"

Basi Shemeji akasugua bampa zima. Alisugua mpaka giza likaingia. Drili ya watu iliungua, akamalizia kwa mkono; viganja vikatoka malengelenge, mgongo ukakataa kunyooka. Mama alimletea chai, akamsifu. Bampa lilipokuwa shaba tupu, Birika alichungulia juu ya ukuta, akameza mate, akamwambia Shemeji waonane asubuhi saa nne. Shemeji akalala usingizi wa mtu aliyetajirika.

Saa tatu alikuwa amefika kwa mjane na kamba ya kuvutia gari. Alikuta geti wazi. Vijana wanne walikuwa wanalisukuma gari kuelekea barabarani, na nyuma ya usukani alikaa Birika, ameshika kwa mikono miwili, uso umejaa furaha ya dhuluma.

"Umechelewa, shemeji yangu!" alimpigia kelele. "Mjini hapa! Mimi sinunui kwa dalali!"

Shemeji alifungua mdomo amwambie kwamba ile ni shaba. Halafu akakumbuka ni nani aliyesema ni dhahabu. Akaufunga.

Gari likapinda kona, linang'aa njano. Mjane alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, karatasi imekunjwa mapajani.

"Kaja na wakili wake kabla hata chai haijachemka," alisema. "Anataka kulinunua, eti analipenda kama kumbukumbu. Nikamwambia ukweli, gari haliwaki, na bampa limechubuliwa na kijana mmoja asiyejua kazi. Akasema analitaka hivyo hivyo. Akataja pesa. Nikamwambia pesa nitaiweka wapi, mimi mtu nisiye na nyumba? Nipe nyumba hii. Akagoma. Nikamwambia basi namsubiri yule kijana, alisema anakuja na kamba. Akatia saini hapo hapo, juu ya boneti."

"Mama," alisema Shemeji taratibu, "mimi sikukuambia nakuja na kamba."

"Hukuniambia? Basi nimezeeka." Akammiminia chai. "Marehemu alikuwa na karakana ya kuchovya kromu, baba, hapo unapoona ghala la saruji. Kila kijana mpya alimfanyia kosa hilo hilo: anakaza mkono mpaka anafika kwenye shaba. Alikuwa anawafukuza. Mimi nilikuwa nawaonea huruma."

Shemeji alikaa chini. Alifikiria drili ya watu, na Birika atakapofika kwa sonara.

"Na malipo yangu, mama?"

"Tulisema gari likishang'aa. Limeng'aa?"

"Limeenda."

"Unaona mwenyewe."

Akanyanyuka, akaitia hati ya nyumba kifuani, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na kopo la dawa ya kung'arishia la marehemu na kitambaa laini, akaviweka mbele ya Shemeji.

"Ukipita barabarani sasa hivi utakutana na Birika. Kaa humu mpaka apoe, chakula kipo. Geti langu limeota kutu." Akasema neno *langu* polepole, akitabasamu. "Lisugue vizuri, mwanangu. Safari hii usikaze mkono."