Shikamoo za Joyness

Jumatatu, 16 Juni

Nimechoka! Mimi Yotamu, muuza makava ya simu Mwanjelwa, shabiki namba moja wa sketibodi Mbeya nzima (wa pili bado sijamwona), leo nimechoka kabisa.

Tatizo ni Joyness. Binti wa miaka kumi na tisa, anauza viazi na mama yake huko Uyole. Akipanda ule ubao wenye magurudumu, jamani! Anaruka ngazi za ghala la mahindi, ubao unajizungusha hewani chini ya miguu yake, anatua kama paka. Mimi nilipoujaribu nilitua kwenye maharage ya watu. Nampendea kipaji tu, niandike wazi, maana mke wangu Pendo husoma humu.

Sasa ubao umepata ufa katikati. Ukikatika, basi tena, mbao kama hizo hapa haziuzwi. Ila Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 28, vijana wa Iringa wanaonyesha video za sketibodi ukumbini Ipogolo. Video itakayopendwa zaidi, mchezaji wake anapewa ubao mpya. Mpinzani wetu ni Aroni wa hukohuko Ipogolo. Ana kamera ya kweli. Ana droni! Mimi nina simu yenye ufa kwenye kioo.

Leo nimerekodi. Joyness akaja kasi, akaruka, akatua, na Bibi Yunisi akatokea na ungo wake. Watu huanika mahindi hapohapo kwenye zege la ghala, kwa hiyo wazee hupita siku nzima kuyageuza. Joyness akashuka kwenye ubao, akapiga goti, shikamoo bibi. Bibi akaitikia, akauliza habari za mama, za baba, za mguu wa shangazi, za viazi mwaka huu. Jua likaenda zake. Nikamwambia Joyness angepunga mkono tu apite. Akaniuliza kwani mimi nimelelewa wapi.

Jumatano, 18 Juni

Leo nimekuja na mbinu. Nimeandika vibao viwili: SARUJI MBICHI, USIPITE. Nikaviweka huku na huku.

Bibi Yunisi akasoma, akaenda mbio kumwita Mzee Eliezeri aje aone nani anajenga bila kuwaambia wenyeji. Mzee akaja na kijiwe chake chote. Akagonga zege kwa fimbo, akatangaza limekauka, akauliza ni mpumbavu gani kaandika vile. Nikasema nilimwona mtu akikimbilia barabara kuu.

Joyness akawasalimia wote, mmoja baada ya mwingine. Goti, inuka. Goti, inuka. Simu ilikuwa inarekodi muda wote hadi chaji ikaisha. Khaa!

Jumamosi, 21 Juni

Mbinu mpya, na safari hii haina kasoro. Baridi ya Juni hapa Uyole haina masihara, kwa hiyo hakuna atakayeshangaa mtu aliyejifunika. Nimemvika Joyness sweta langu lenye kofia, nikamfunga skafu usoni, nikamwekea muziki masikioni. Nikamwagiza atazame ngazi tu, asitazame pembeni.

Akaruka vizuri mno! Nikapiga kelele peke yangu. Akampita Mzee Eliezeri karibu kabisa, hakumwona. Mzee akasimama kumsubiri amsalimie. Akasubiri weee. Kisha akaondoka.

Nina klipu moja safi. Aroni atajuta kuzaliwa.

Jumatatu, 23 Juni

Balaa. Mzee Eliezeri alimtambua kwa ule ubao, nani mwingine anao? Amemwambia mama yake kwamba binti siku hizi anapita wazee kama anapita mawe. Mama Joyness amefungia ubao kabatini.

Nilikwenda kueleza kuwa ni sanaa. Mama akaniuliza sanaa gani hiyo inayomfanya mtoto wake akose adabu mbele ya Uyole nzima. Joyness alikuwa analia jikoni, na kusema kweli roho iliniuma. Halafu akatoka, akaniambia ananiheshimu kama kaka yake, ila kuanzia leo nishike simu na mdomo niufunge. Amekwenda mwenyewe kwa Mzee kuomba radhi. Mimi nilibaki nje nimebeba kuku wa kuombea msamaha. Kuku akanitoroka.

Ubao umerudishwa.

Alhamisi, 26 Juni

Nimekata shikamoo zote kwenye video. Zote! Imebaki fupi kama chafya. Joyness anaruka, hatui. Anaruka tena, hatui. Kila alipotua palikuwa na mzee! Nikaongeza nyota, moshi na jina langu kwa herufi za dhahabu.

Joyness akatazama. Akaomba nimrushie klipu zote ambazo sijakata, za kumbukumbu. Nikampa, nilikuwa na huruma.

Jumamosi, 28 Juni, Iringa

Ukumbi umejaa. Watu wanasalimiana Kihehe, kamwene huku, kamwene kule. Video ya Aroni imepigwa kutoka juu, milima, miamba, barabara ya Ipogolo inapanda. Nzuri kiasi cha kuudhi. Mchezaji mwenyewe anaonekana kama siafu.

Ikaja yetu. Siyo yangu! Joyness alikuwa ameunganisha zake mwenyewe na kuzituma huku bila kuniambia. Hakuna nyota, hakuna moshi. Anaruka, anatua, anapiga goti: shikamoo bibi! Watu wakacheka. Anaruka, anatua: shikamoo babu! Ukumbi mzima ukaitikia, marahaba! Kilipofika kijiwe cha Mzee Eliezeri, watu walikuwa wamesimama, kila goti marahaba, kila goti marahaba, mama mmoja pembeni yangu anafuta machozi kwa khanga. Nami nililia. Nilikuwa nimemrekodi wiki mbili nzima na sikuwa nimemwona.

Ubao mpya ni wake. Aroni alipouliza nani alirekodi, Joyness akasema ni kaka Yotamu. Akasema pia kuwa bado anataka nimrekodi. Nimefurahi mpaka nimemnunulia Aroni soda.

Jumatatu, 30 Juni, Mbeya

Nimetafakari safari nzima ya kurudi. Siri nimeigundua: wazee! Leo nimepita nyumba kwa nyumba Uyole kuwapanga kwa video ijayo. Bibi Yunisi asimame kushoto, kwenye mwanga. Mzee Eliezeri atokee nikimpungia kitambaa, na safari hii aitikie kwa sauti, siku ile alinong'ona. Mzee amenifukuza kwa fimbo, lakini atakubali tu.

Joyness nimemweleza vizuri kwa simu: Jumamosi asimsalimie mzee yeyote ambaye sijampanga mimi. Amekata simu. Nadhani furaha imemzidi.