Gari Lililolelewa Vizuri

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Leo nimeamua. Tunanunua gari! Binti yangu hatatembea tena gizani. Muuguzi mzima, sare nyeupe, lakini akitoka zamu lazima apite nyuma ya kiwanda cha mbao, ambako taa zilikufa zamani. Juzi kuna mtu kamfuata hadi kwenye kona. Mimi humsubiri getini najifanya nafagia. Nani anafagia gizani? Majirani wameshaelewa, wananiambia tu, kazi njema mama.

Akiba yangu ya kushona mapazia inatosha gari kuukuu. Baba yao kakubali, ila anashikilia kwamba gari huchaguliwa kwa kusikiliza honi. Mimi nimesikia redioni: kabla ya kununua gari lililotumika, nenda ofisi ya ukaguzi uulizie historia yake, lilikaguliwa lini na likaonekanaje. Niliishia darasa la nne, lakini masikio yangu yaliendelea na masomo.

Wifi yangu, dada yake baba yao, naye anatafuta gari. Kasema mbele za watu kwamba saizi yangu ni toroli. Haya. Tutaona nani atasukuma nini.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimelipata! Liko kwenye uwanja wa yule muuza magari tunayemwita Tabasamu, maana meno yake hayana likizo. Jekundu. Viti vina vitambaa. Moyo uliruka, nikaubana. Sikuonyesha kitu. Nikaandika namba ya gari kiganjani, huyoo, hadi ofisi ya ukaguzi.

Foleni ya wanaume tupu. Mmoja kaniuliza kama nimepotea, eti kliniki ya watoto ya hospitali iko ng'ambo ya barabara. Nikamwambia mwanangu amekomaa, ndiye anayefanya kazi huko kliniki, na yeye asogee mbele. Karani wa dirishani akanichapia karatasi. Akaisoma, akaniangalia, akasema pole mama. Nikamjibu nimeshapoa. Watu wa maofisini wana adabu siku hizi!

Nyumbani nimekaa nayo jikoni, kidole chini ya kila mstari. Nilidhani itanishinda. Kumbe ni kadi ya kliniki tu! Nimelea watoto wanne, kadi za kliniki nazisoma hata usingizini. Mstari wa kwanza: breki, halikupita. Wiki iliyofuata wakalirudisha: halikupita. Wakalirudisha tena: halikupita. Hadi chini ya ukurasa! Mzazi mvivu angekata tamaa. Hawa hawakuchoka. Gari hili limependwa jamani. Mimi mwenyewe sikuwapeleka wanangu kliniki mara zote hizo.

Jambo moja likanisumbua. Mwaka juzi limeandikwa lilikuwa limetembea kilomita laki mbili na ushee. Mwaka jana, elfu tisini. Zimepungua! Halafu nikakumbuka nilivyolazwa mimi, nikatoka gauni linanipwaya. Basi hivyo hivyo. Liliumwa, likapumzika, likapungua. Sasa liko salama.

Nimelala vizuri.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Siku yangu! Kama kuna anayesema sijui biashara, angekuwepo leo.

Nimemwendea Tabasamu na karatasi yangu. Nimemwambia kwa upole kwamba nimeisoma yote. Nimempa hongera kwa kulirudisha lile jekundu ukaguzini bila kuchoka. Tabasamu likapungua kidogo. Nikamuuliza, kwa huruma kabisa, mwaka jana kilomita zilipopungua, lilikuwa linasumbuliwa na nini?

Meno yote yakaingia ndani. Sijawahi kumwona akiwa amefunga mdomo. Kumbe ana masharubu. Akanivuta nyuma ya banda, akaniuliza kwa sauti ya chini nimetumwa na nani. Nikamwambia sijatumwa na mtu, mimi ni mama tu. Akachungulia nje ya banda. Akasema mama, tafadhali, tuelewane, mambo haya yasifike mbali.

Nilimwonea huruma. Mtu akilipenda gari lake, kuagana ni kazi.

Halafu akanionyesha la kijivu, lililojificha pembeni. Gari la mke wake. Akasema nichukue hilo kwa bei ile ile, hata chini yake, ili mimi na yeye tubaki ndugu. Nikaomba karatasi yake. Masikini! Kila mwaka mstari mmoja. Limepita. Mwaka mwingine, limepita. Basi! Mara moja tu kwa mwaka! Hakuna aliyejisumbua kulirudisha hata siku moja. Yatima ana afadhali. Nimelikataa waziwazi, nikatoa kianzio cha jekundu. Tabasamu kapokea huku akiniangalia kama mtu aliyeona jini.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Hatari. Wifi kaonekana akizungukazunguka uwanja wa Tabasamu, mkoba kwapani. Atalichukua jekundu langu! Huyu akitaka kitu hajali kianzio cha mtu.

Nimefikiri haraka. Nimemwalika chai. Nikaguna, nikashika shavu. Akauliza wifi una nini. Nikasema nimepoteza usingizi kwa ajili ya gari moja la kijivu pale kwa Tabasamu, ila tafadhali, wifi yangu mpenzi, usimwambie mtu. Akasema hawezi kunifanyia hivyo, mimi ni kama dada yake wa tumbo moja. Chai hakumaliza. Kiatu kimoja alikivalia nje.

Mchana kalipia la kijivu! Nasikia alipomtajia Tabasamu kwamba kaelekezwa na mimi, alipunguziwa bei bila kuomba. Nimecheka hadi sindano ya cherehani ikakatika. Amebeba yatima.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Leo binti yangu hana zamu. Nimemsomea karatasi kwa sauti, kwa madaha, nikisubiri anikumbatie. Akaninyang'anya. Akasoma mwenyewe. Akakaa chini.

Akasema mama, kutopita si kupendwa. Breki hazishiki. Chini pameoza. Na kilomita hazipungui hata gari lilazwe mwaka mzima, kuna mtu amezirudisha nyuma kwa mkono wake. Akaniuliza kama nataka afike nyumbani au nataka afike mochwari.

Mochwari! Mimi ninayefagia gizani kwa ajili yake! Nimelia kidogo, nyuma ya mapazia ya watu. Baba yao kasema angalau tungesikiliza honi.

Tumekwenda wote kwa Tabasamu. Kabla binti hajafungua mdomo, kianzio kilikuwa mkononi mwangu, na chupa ya maji ya kunywa juu yake. Binti akauliza la kijivu liko wapi. Limeshakwenda. Kwa nani? Akaambiwa kwa shangazi yake. Binti kaniangalia njia nzima. Nikamwonyesha mawingu.

Alhamisi, tarehe 14 Machi

Sifa zangu zimefika mbali, acha niziandike.

Wifi akifunga duka lake jioni, njia yake ni mbele ya hospitali. Tangu Jumatatu anampakia mpwa wake na kumshusha hapa getini, taa zinamulika hadi jikoni. Anapiga honi makusudi, nijue gari ni la nani. Apige tu. Jana nimelala mapema, ufagio umepumzika. Nani alimwonyesha wifi lile gari? Mimi. Nani alifanya apunguziwe bei? Mimi. Mtoto wangu anarudi salama na akiba yangu iko kabatini. Waliosoma wangeweza?

Binti anasema ilikuwa bahati. Watoto hawana shukrani.

Ila habari zimeenea. Leo jirani wa mlango wa pili kaja kwa heshima zote, kaketi ukingoni mwa kiti, anataka kununua gari la bluu na hataki kuamua bila mimi. Nimevaa miwani ya baba yao, nikasoma karatasi yake polepole. Nimejifunza, siku hizi natazama mstari wa mwisho kwanza. Gari lile limerudishwa ukaguzini hadi wakaguzi wenyewe wameandika chini, kwa herufi kubwa: LISILETWE TENA.

Limehitimu! Nimemshika jirani mkono, nimempongeza. Nimemwambia akalipe leo leo, kabla wifi hajasikia.