Mji Uliovua Pete

Asubuhi ile Sagbo alipoketi kwenye benchi la fundi Akpovi, akila donge la akasa ya mahindi kwa samaki wa mkopo, hakuwa na mpango wa kumdhulumu mtu yeyote. Hili lazima lisemwe, kwa ajili ya haki. Jua la Bohicon lilikuwa bado na huruma, tumbo limetulia, na mtu aliyeshiba kwa mkopo huwa mwema kwa muda.

Wema wake ulidumu mpaka ilipoletwa zemu moja mbovu. Pale mjini pikipiki zote za abiria huitwa zemu, na miaka ile zote zilikuwa zile ndogo zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Dereva wake alikuwa mweusi kuanzia gotini hadi kisigino, mguu mmoja tu, kana kwamba amekanyaga sufuria la lami.

Akpovi alifungua nati mbili, akavuta bomba la ekzosi, akachokoa kwa bisibisi kipete cha shaba pale bomba linapokutana na silinda.

"Pete imekufa hii," alisema. "Moshi unatokea pembeni, oili inakumwagikia mguuni, nguvu yote inaishia hewani. Ndiyo maana kwenye mlima wa Abomey abiria anashuka kukusukuma."

"Si uweke mpya?"

"Mpya ziko kwa Tanti Ajowavi."

Dereva alishika kichwa. Mji mzima ulikuwa ukishika kichwa kwa jina hilo. Tanti Ajowavi alikuwa na duka la spea sokoni, na pete za ekzosi alikuwa nazo yeye peke yake. Bei hakuitaja mpaka akuangalie viatu. Ukija umevaa kandambili ilikuwa ghali. Ukija umevaa viatu vya ngozi, heri ungekaa nyumbani.

Akpovi akaitupa pete ile mbovu kwenye debe. Sagbo alichungulia. Debe lilikuwa limejaa vipete vya shaba, vyeusi, vimebonyea, mazao ya miaka mingi. Akaacha kutafuna.

"Fundi, hizi unazifanyia nini?"

"Nasubiri zioze."

"Nikuondolee?"

"Utanifaa sana," alisema Akpovi, na akamshukuru.

Mchana huohuo Sagbo alimtafuta rafiki yake Eloji kwenye kibanda cha pombe ya sodabi. Eloji alikuwa kijana mrefu, mwenye sauti ya upole kama ya mtu anayesoma dua, na alikuwa na suti. Ilikuwa ya marehemu mjomba wake na ilimbana makwapa, lakini ilikuwa suti.

"Wewe ni mnunuzi kutoka Abidjan," Sagbo alimwambia. "Unatafuta pete za ekzosi. Hutaki mpya. Unataka zilizochomeka."

"Za nini?"

"Husemi."

"Akiniuliza je?"

"Angalia nje ya mlango, kisha ubadilishe mazungumzo. Sikiliza, ndugu yangu. Ukimpa mtu uongo wako ataukagua. Mnyime, atautunga wake mwenyewe, na huo ataupenda kama mwanawe."

Basi kesho yake Sagbo akasimama upande wa pili wa njia, karibu na meza ya mama anayeuza petroli ya chupa, akajifanya anapangusa jasho. Eloji aliingia dukani akitembea polepole, jambo ambalo makwapa ya suti yalimlazimisha, na likampa heshima kubwa.

"Mpya sitaki, mama," alisema. "Nataka zilizopigwa moto kwenye injini ya petroli ya oili. Za magari hazinifai kabisa."

"Zilizochakaa? Za nini, mwanangu?"

Eloji akaangalia nje ya mlango. "Joto la hapa kwenu limezidi," alisema.

Tanti Ajowavi alikuwa mama mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na Sagbo aliona kwa furaha miwani ile ikipanda paji la uso. Alizipata pete chache chini ya kaunta, zilizokuwa zikizuia meza isiyumbe. Eloji akazilipia bei ya pete mpya, kwa fedha za mkopo, bila kubishana. Kutobishana ndiko kulikomaliza kazi. Pale sokoni hakuna aliyewahi kumwona mtu akimlipa Tanti bila kubishana.

"Siku kubwa ya soko narudi na gari," alisema. "Zote utakazokuwa nazo nachukua, kwa bei mara mbili. Ila tusitangaze, tafadhali."

"Mimi?" alisema Tanti. "Muulize yeyote mjini kama kuna siri yangu hata moja anayoijua."

Eloji hajafika hata kwenye kona, Sagbo akaingia dukani na gunia begani, amenuna kama mtu aliyetumwa.

"Tanti, unaweza kuniazima toroli? Nampelekea mhunzi mmoja vyuma chakavu."

"Vyuma gani?"

"Takataka tu. Vipete vya ekzosi."

Nzi wawili walitua kwenye kaunta na hakuna aliyewafukuza.

"Maskini Sagbo," alisema Tanti kwa huruma nzito. "Kutembea juani kwa ajili ya takataka. Iache hapa, nitakupa chochote cha kununulia maji."

"Ah, hapana, mhunzi ananisubiri. Ameahidi vizuri."

"Ameahidi ngapi?"

"Tanti, si unajua mimi sipendi kusema mambo ya watu."

"Sagbo! Nimekujua ukiwa na kamasi. Ameahidi ngapi?"

Sagbo alitaja bei huku akiangalia chini kwa aibu. Tanti alipiga kelele, akataja majina ya mababu wa pande zote mbili, akasema hata mwizi wa kanisani ana kiasi. Kisha akalipa. Alipokuwa akilipa, mkono mwingine ulikuwa tayari umeshika mdomo wa gunia.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini Tanti alitaka zaidi, na Sagbo naye hakuwahi kumkatalia mwanamke mwenye fedha. Alizunguka gereji zote za Bohicon, akamaliza madebe yote. Madebe yalipokwisha, Tanti akapandisha bei. Siri ikavuja, kama siri yenye bei inavyovuja, na madereva wakaanza kujiuliza kwa nini wapande juu ya fedha wakati wangeweza kuzitia mfukoni. Mmoja akafungua nati zake mbili, akachomoa pete, akampa Sagbo aiuze. Jioni wakawa wamechomoa mtaa mzima. Kesho yake mji mzima ulikuwa umevua pete.

Ndipo Bohicon ikajua ekzosi isiyo na pete inasemaje. Pikipiki zilizokuwa zikilia kama nyuki sasa zililia kama bunduki. Kuku waliacha kutaga. Kwenye mazishi ya mzee mmoja wa mtaa wa Zakpo wapiga ngoma walipiga mpaka viganja vikavimba, na wafiwa wakacheza kwa kuwaangalia mikono. Pete mpya za Tanti hawakuziweza bei, basi madereva wakajaribu kuziba kwa matambara, yakaungua. Wakajaribu udongo wa kichuguu, ukapasuka na kurushwa kama risasi. Mmoja akaziba kwa donge la akasa ya mkewe, na kwa nusu siku zemu yake ilipita ikinukia mahindi ya kuchoma, abiria wakimkimbilia kwa njaa tu. Halafu nalo likaiva, likadondoka.

Sagbo alikuwa na furaha kuliko alivyowahi kuwa. Alimwita Eloji nyuma ya kituo cha treni, akampa fungu lake.

"Ndiyo hili tu?" aliuliza Eloji.

"Yule mama bahili, ndugu yangu. Kalipa nusu ya tulivyotarajia. Mimi mwenyewe nimelia."

Eloji alizitazama noti, akamtazama Sagbo, ambaye alikuwa amevaa saa mpya.

"Pole, kaka," alisema kwa ile sauti yake ya dua. "Basi mimi naondoka leo, nisije nikaonekana."

Wakakumbatiana. Sagbo alihisi kitu kama majuto, lakini kilikuwa njaa, na alipokula kikapita.

Tangu ujana alikuwa akitamani jambo moja tu: aitwe patroni. Awe na zemu zake, waendeshe wengine, yeye aketi kibarazani na jioni waje wampe hesabu kwa mikono miwili. Na sasa bahati ilimjia ikipiga kelele barabarani. Madereva waliochoka kuchomwa miguu na kutukanwa na abiria walikuwa wakiuza pikipiki zao kwa bei ya baiskeli. Sagbo alinunua tano, akazipanga uani kwake, akazunguka akizipapasa matangi. Mkewe alitoka na upawa mkononi.

"Zinaenda?"

"Zinakosa pete tu."

"Pete unapata wapi?"

"Mke wangu," alisema Sagbo, "mambo madogo hayamsumbui patroni."

Siku kubwa ya soko ilifika. Gari la Abidjan halikufika. Tanti Ajowavi alikaa mlangoni tangu asubuhi, amevaa kitenge cha sikukuu, magunia nyuma yake yamefika darini. Mchana alivua kilemba. Alasiri Sagbo, ambaye hangeikosa starehe hiyo kwa lolote, alikwenda kumpa pole. Alimkuta amelala kifudifudi juu ya magunia, mabega yakitikisika.

"Tanti, nini tena?"

"Nimekwisha, Sagbo. Fedha ya kodi, fedha ya mchezo wa wanawake wa soko, zote zimo humu. Yule mtu ni mwongo!"

"Dunia imeharibika, Tanti," alisema Sagbo, na macho yakamlenga machozi. Alikuwa na kipaji hicho.

Nje ilipita zemu, ta-ta-ta-ta, makopo yakaruka rafuni. Ikafuata nyingine. Tanti aliacha kulia. Aliinua kichwa taratibu, miwani imekaa upande, akasikiliza kama mtu anayeitwa kwa mbali.

"Sagbo. Kelele hiyo ni ya nini?"

"Pikipiki, Tanti. Usizijali."

"Zina nini?"

"Si hazina pete." Alimpigapiga mgongoni. "Mji mzima hauna pete hata moja."

"Na pete zote ziko wapi?"

"Zote si unazo w..." alisema Sagbo, na hakumaliza.

Tanti aliketi, akajifunga kilemba. "Asante kwa kuja kunifariji, mwanangu," alisema. "Sasa nenda, nina kazi."

Njiani Sagbo alijiambia kwamba haidhuru. Zile zilikuwa pete mfu, yeye mwenyewe alizitoa kwenye madebe ya taka. Nani angenunua maiti?

Wiki hiyo hata kwa Tanti pete mpya zilikuwa zimekwisha. Lori la Cotonou lilikuwa limekwama kwenye maji ya mvua huko bonde la Lama, na uani kwa Sagbo madereva watano aliowaajiri walikaa kivulini wakila chakula cha mkewe na kumwita patroni, kila mara wakiongezea mchuzi. Siku ya tatu mkewe aliuhamishia upawa mkono wa kupigia, na Sagbo akaona afadhali atoke.

Mbele ya duka la Tanti kulikuwa na foleni ya zemu iliyozunguka soko. Wa kwanza wao waliondoka wakilia tena kama nyuki. Sagbo alijipenyeza mpaka ndani. Kulikuwa na jiko kubwa la mkaa na beseni la maji, na katikati, amevua koti la suti na kukunja mikono, alikuwapo Eloji. Alikuwa akipuliza mvukuto kwa mguu. Alichukua pete nyeusi kwa koleo, akaitia motoni mpaka ikawa nyekundu, akaitumbukiza majini. Ikasema chsss.

"Shaba ukiichoma hivi inalainika upya," alikuwa akimweleza fundi Akpovi, aliyesimama pale ameshika mashavu. "Inakaa kwenye mdomo wa silinda kama mpya. Kaza nati zote mbili pole kwa pole, washa, ipate moto, kaza tena. Baba yangu ni mhunzi Abomey, nililelewa na kazi hii mpaka nikaikimbia."

"Miaka yote nimezitupa," alinong'ona Akpovi.

"Eloji!" alisema Sagbo.

"Ooh, kaka. Karibu. Saa yako nzuri."

Tanti alitokea nyuma ya magunia. Alimtazama Sagbo viatuni. Vilikuwa vya ngozi, vipya.

"Rafiki yako alinijia siku ile ile uliyonifariji," alisema. "Akaniambia kila kitu, na jinsi ulivyomgawia. Ungemlipa vizuri, angekuwa Lomé sasa hivi."

Sagbo alipima umbali wa mlango. Ulikuwa umejaa madereva.

"Tanti, mimi ni mwanao. Kama ni kuniitia askari, gendarme..."

"Gendarme wa nini? Hao wangechukua pikipiki zote tano. Mimi nataka tatu. Na moja ya Eloji."

"Kwa pete tano?"

"Kwa pete moja. Ukibakiwa na pikipiki moja, pete nyingine za nini?"

Sagbo alipiga kelele, akataja mababu wa pande zote mbili, akasema hata mwizi wa kanisani ana kiasi. Foleni nzima ilimcheka. Nyuma kabisa mtu akauliza kwa sauti iwapo huyu si ndiye aliyekuwa akizungukia pete zao na gunia. Sagbo akakubali papo hapo, kwa mikono miwili.

Pete aliifunga mwenyewe, amepiga magoti mavumbini. Akakaza nati pole kwa pole, akawasha, akasubiri ipate moto, akakaza tena. Hakuna tone lililotoka. Injini ilinguruma chini kwa chini, laini, kama paka aliyeshiba. Alikuwa dereva wa zemu, tena wa zemu moja, na ilibidi kutafuta abiria kabla mkewe hajazitafuta zile nyingine nne.

"Zemu!" aliita mtu nyuma yake. Tanti Ajowavi alikuwa tayari amepakata gunia la pete na kukaa. "Nipeleke Abomey. Nimesikia huko nako wamevua."

Ni mwendo mzuri, ule wa Abomey, una mlima mmoja, na hawakuhitaji kushuka. Tanti alianza na mambo ya Sagbo ya utotoni, akapita ya ujanani, akafika kwenye kodi, na kwenye wanawake wa mchezo mmoja mmoja kwa majina. Njia nzima Sagbo aliomba kimoyomoyo ekzosi ipasuke. Lakini ilikuwa imezibwa vizuri mno, na alisikia kila neno.