Uso wa Taifa ni wa Baba Yangu

Jumanne, tarehe 9, siku mbili baada ya kufungwa mabao manne

Ndugu Mhariri,

Kabla ya kushika kalamu nimeapa kukueleza yote, ya kupendeza na ya kutia aibu, maana mwalimu wetu wa lugha husema lalamiko lililofichwa nusu ni umbea tu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shule ya msingi. Baba yangu ni mshereheshaji wa harusi, na jina lake la kazi ni Bashasha. Akishika kipaza sauti, hata mashemeji waliokuja wamenuna huinuka kucheza. Lakini wewe na wasomaji wako mnamjua kama yule mwanamume anayelia, mikono ikiwa kichwani. Kila timu ya taifa inapofungwa, mnaitoa picha yake ukurasa wa mbele na kuandika juu yake: USO WA TAIFA. Jana mmeitoa tena.

Mahafali yetu ni mwisho wa mwezi huu. Kamati ya wazazi ilikuwa imeshakubali Baba aongoze sherehe, nami nilikuwa nimeshamwazia amesimama jukwaani akilitaja jina langu. Jana mwenyekiti alilikunjua gazeti lako mbele ya wenzake akasema, "Huyu tukimpa kipaza sauti, si watoto wataondoka wakijua maisha ni kufungwa tu?" Kamati itaamua Ijumaa. Ndiyo maana nimeandika, na malalamiko yangu ni haya:

1. Jumapili Baba hakwenda uwanjani. Alikuwa sebuleni akipiga pasi koti lake la kumetameta, na mechi aliisikiliza redioni. Asubuhi yake jirani akaja kumpa pole kwa kulia mbele za watu. Mama akamwambia, "Huyu jana alikuwa hapa hapa, mbele ya macho yangu." Jirani akamhurumia: "Dada, wewe una macho mawili tu. Gazeti lina wapiga picha." Tangu hapo Mama anamuuliza Baba alikwenda uwanjani na nani.

2. Mnamtumia hata pasipo na mpira wa miguu. Ametoka tulipofungwa mpira wa wavu, ametoka bei ya sukari ilipopanda, na mwezi uliopita ametoka kwenye utabiri wa hali ya hewa.

3. Kazi yake imeyumba. Mama mmoja wa bibi harusi alimtazama usoni kwa muda, akachukua mkoba wake, akasema, "Mwanangu anaolewa, hazikwi." Mimi shuleni naitwa Binti Kipigo. Nikipata alama za chini naambiwa ni urithi, na nikipata za juu naambiwa nimeotea, bao halihesabiki.

4. Mtaalamu wenu wa saikolojia aliandika ukurasa mzima kuhusu uso wa Baba. Alisema mstari ulio kwenye paji ni "mkunjo wa kizazi kilichokata tamaa". Ule ni kovu la mlango wa kabati la jikoni. Akaendelea kusema kwamba mikono iliyoshika kichwa ni midogo kuliko kawaida kwa sababu huzuni ya kufungwa humnyong'onyeza shabiki wetu mpaka vidoleni.

Ndugu Mhariri, mikono ile ni midogo kwa sababu ni yangu.

Nilikuwa na miaka sita. Nilikaa mabegani mwa Baba, nimemshika kichwa nisianguke, naye amenishika miguu. Ninyi mkanikata mimi kwa juu, mkamkata yeye kifuani, mkabakiza vidole vyangu. Miaka yote hii hakuna hata mmoja wenu aliyejiuliza mikono ya Baba mwenyewe iko wapi. Tena siku ile hatukufungwa. Tulishinda, bao moja kwa bila, dakika za majeruhi, na Baba alilia kwa furaha mpaka nikahisi kichwa chake kinatetemeka viganjani mwangu.

Sijamwona akilia tena. Tukifungwa, Baba huzima redio, kisha huuliza, "Haya, zamu ya nani kuosha vyombo?" Mmeandika kwamba sisi ni taifa la machozi. Mimi taifa zima silijui, ila kwetu, tukifungwa, vyombo vinaoshwa.

5. Mwisho, naomba tufuate hoja hadi inakoishia. Kama uso wa Baba ni wa taifa, basi ni kama bendera. Bendera haiburuzwi chini wala haifungiwi samaki. Lakini jana jioni nimemkuta Baba sokoni amefungiwa samaki wawili, na fundi viatu alikuwa amemkunjakunja na kumshindilia ndani ya buti ili lisipoteze umbo. Kwa hiyo chagueni. Ama fundi viatu ashtakiwe, wimbo wa taifa upigwe Baba anapotoka bafuni (sisi tutasimama, ingawa ndugu yangu mdogo itabidi ashikiliwe), na timu isiruhusiwe kufungwa bao lolote kabla Baba hajaulizwa kama uso wake uko tayari. Ama mturudishie Baba, na muandike kwa herufi kubwa zile zile kwamba alikuwa anashangilia. Naomba iwe kabla ya Ijumaa.

Nawasalimu wote hapo ofisini: mpiga picha, aliyeikata picha (nimeshamsamehe), mlinzi wa getini, na anayepanga habari za hali ya hewa. Mtaalamu mwambieni kabati limetengenezwa.

Ni mimi, mwenye mikono,
Binti wa Bashasha

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha mwenyekiti wa kamati alipopiga hodi. Kumbe habari zimeenea kwamba yule anayelia gazetini ni mzazi wa shule yetu, na sasa wazazi hawataki mshereheshaji mwingine. Wanataka kupiga naye picha, na mwalimu mkuu ameuliza kama anaweza kulia kidogo kila mtoto anapopokea cheti. Baba amekubali papo hapo. Sasa yuko mbele ya kioo anafanya mazoezi, ila kila akianza kulia anacheka. Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, tafadhali usisahihishe chochote. Mwenyekiti anasema ingefaa sana picha itoke mara moja zaidi kabla ya mahafali, na timu inacheza tena Jumamosi. Naomba unijibu mara tu upatapo barua hii: je, ikitokea kwa bahati mbaya tukashinda, mtaweza kuitoa hivyo hivyo?