Umeme Wangu Usiingie kwa Abu Sattam

Kwa Mheshimiwa Meneja,
Kampuni ya Umeme, Tawi la Salt.

Pokea salamu zangu za heshima, zilizochanganyika na hasira kidogo.

Mimi Muflih Hiyari, Abu Laith kwa watu wa mtaa, mwalimu mstaafu wa jiografia na mteja wenu mwenye paneli za jua paani, nalalamika kwamba umeme wangu unakwenda kwa mtu nisiyesemezana naye.

1. Mlipofunga mita ya njia mbili, mliniambia umeme unaonizidi mchana unaingia kwenye gridi. Nikafurahi, nikidhani gridi iko Amman. Juzi nikamuuliza mhandisi wenu unafika wapi hasa. Akacheka: "Amman wapi, ami! Unaishia hapo hapo kwa jirani." Jirani yangu ni Abu Sattam.

2. Abu Sattam ameweka tangi lake la maji mahali linapotia kivuli paneli zangu kila alasiri. Nilipomwomba alisogeze, alinijibu mbele ya watu: "Jua ni la Mungu, Abu Laith. Mwambie Yeye alisogeze!" Tangu hapo simsalimu. Kumbe alasiri ananizibia jua, na adhuhuri analila.

3. Kiyoyozi chake kinanguruma kutwa. Ili asipate kitu, nimekuwa nikiwasha oveni, pasi, mashine ya kufulia na hita, zote kwa pamoja, mwezi wa Agosti, joto letu likiwa kileleni. Mke wangu amehamia kwa dada yake.

4. Kila nikimtuma binti yangu Maysun akafute vumbi kwenye paneli, kijana wao Sattam naye hupanda paani kwao. Ati anakagua tangi. Paneli zangu sasa zinang'aa kupita kiasi, na umeme unaokwenda kwao umeongezeka.

5. Mnajua vizuri kwamba huku kwetu mwenye ombi zito huja na wazee, huweka kikombe cha kahawa chini, na hanywi mpaka akubaliwe. Ninyi mmechukua umeme wangu bila ujumbe wala kikombe. Hata mbuzi haondoki hivyo nyumbani kwa mtu.

Kwa hiyo naomba umeme wangu utiwe alama, upite mlango wa Abu Sattam bila kusimama. Kama haiwezekani, kateni waya wake, au wangu, au wa mtaa mzima. Nitakaa gizani nikiwa na heshima yangu.

Wasalimie wahandisi wote, hata yule mwenye kucheka.

Wenu mwenye kuumia,
Muflih Hiyari

N.B. Kabla sijaifunga bahasha, Abu Sattam ameingia na wazee wa mtaa. Msemaji wao akaweka kikombe chini. Nikajua wamekuja kuomba radhi kwa ajili ya tangi, na kwa furaha sikusubiri hata neno moja: "Kunyweni kahawa yenu! Mlilolijia mmepewa!" Wakanywa mpaka tone la mwisho. Ndipo nikaambiwa kwamba nimemwoza Maysun kwa Sattam. Nilipogeuka kumtazama binti yangu, alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, na mimi pia, nisiwafiche, machozi yalinitoka.

Mheshimiwa, waya msiuguse. Kama kuna namna ya kuusukuma umeme wangu wote upande ule, fanyeni haraka. Binti yangu hawezi joto.