Mguu wa Tulia Katika Nyumba ya Maonyesho

Karatu,
16 Agosti 1983

Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya Nyumba ya Maonyesho,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe pamoja na shingo ya mgeni rasmi. Mimi ni Valeriani, jirani wa hiyo nyumba mliyochimba ubavuni mwa kilima ili watalii wanaopanda Ngorongoro waone jinsi babu zetu Wairaqw walivyoishi, paa likiwa sawasawa na mteremko. Tangu Jumapili mnamshikilia ng'ombe wangu Tulia, eti alitumbukiza mguu paani siku ya ufunguzi. Ndama wake analia kutwa, na mke wangu Cresensia naye ameanza. Naomba kueleza, kwa heshima zote.

1. Paa la udongo huachwa lishike mpaka mvua zipite juu yake. Mnalijua hilo, maana mmelelewa chini yake. Lakini pombe ya ufunguzi iliiva Ijumaa, na pombe ikiiva haisubiri paa. Nawaelewa. Ila mngefungua pombe peke yake.

2. Juu ya paa huwekwa miiba, mifugo isipite. Katibu wenu, Ndugu Patrisi, alikataa, akasema miiba itaharibu picha. Badala yake mkatandaza nyasi mbichi kutoka mtoni. Mwezi wa nane huu, Karatu nzima vumbi, mnaandika meza ya kijani halafu mnashangaa mgeni akija? Tulia hajui kusoma kadi za mwaliko. Anajua nyasi.

3. Mguu ulipotokea darini na udongo kumwangukia mgeni rasmi shingoni, watalii walipiga picha, naye akapiga makofi akidhani ni sehemu ya historia. Ndugu Patrisi mwenyewe aliinama kushukuru. Sasa kama Tulia ni mhalifu, washitakiwe na waliompigia makofi. Kama ni msanii, mpeni likizo akanyonyeshe.

4. Haraka haraka haina baraka, walisema wazee, na wazee hao walikuwa na mapaa. Huku kufungua kitu kwanza na kukimaliza baadaye kutatumaliza sisi. Kesho mtafungua zahanati isiyo na mlango, mumwambie mgonjwa aingie kwa imani. Kwa kweli imeniuma.

Hivyo naomba Tulia arudi leo, na nyumba ifungwe mpaka iwe nyumba.

Nisalimie mama watoto, kamati nzima, na mgeni rasmi kama udongo umeshamtoka masikioni.

Wako katika ujenzi wa taifa na mapaa yake,
Valeriani

N.B. Nikiwa natafuta bahasha, Cresensia amerudi kutoka sokoni. Anasema watalii wameshuka tena kutoka Kreta ya Ngorongoro, wanauliza ng'ombe wa darini yuko wapi. Kwa hiyo Tulia arudi upesi zaidi, maana Jumamosi nafungua nyumba ya namna hiyo hapa kwangu, na wewe ndiye mgeni rasmi. Kiti chako nitakiweka katikati kabisa. Udongo wa paa ndio kwanza tunaupandisha, lakini Cresensia ameshapika pombe.